Maoni: Anayeanza kupiga picha za vipepeo asikimbilie msituni, aanzie kwenye mti wa ndimu wa kwao

Asubuhi baada ya mvua, katika mitaa mingi ya Bukavu, kuna jambo ambalo watu wachache wanalitazama. Jua likisha kupita juu ya vilima na kugusa majani, vipepeo wanatoka. Wanazunguka juu ya maua ya manjano ya tithonia yanayomea pembeni ya njia, wanashuka kwenye matope karibu na bomba la maji, wanapita juu ya kuta za malupango bila kumwomba mtu ruhusa. Mama wanaenda sokoni, watoto wanakimbilia shule, motari wanatafuta abiria. Lakini siku hizi, hapa na pale, kuna kijana anayesimama, anatoa simu, anajongea polepole na kupiga picha. Kipepeo anaruka. Kijana anatazama kioo cha simu: jani limetoka vizuri, lakini kipepeo amekuwa doa la rangi ya machungwa lisilo na kichwa wala mguu.

Wengi wanaachia hapo. Mmoja anasema simu yake ni ya bei ndogo. Mwingine anasema kazi hiyo ni ya wageni wenye kamera kubwa, wanaopewa waongozaji na kuingizwa ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Wa tatu anaambiwa na jirani kwamba mtu mzima anayefuata vipepeo ni mtu aliyekosa kazi. Maneno haya matatu yanaua hamu ya vijana kabla haijakomaa, na hakuna hata moja lililo kweli kabisa.

Ukweli ni kwamba mtu anayeanza kupiga picha za karibu za vipepeo katika mashariki mwa Congo ana nafasi ambayo wenzake wa nchi za baridi hawana. Kule, vipepeo wanaonekana miezi michache tu ya joto. Huku wanaruka mwaka mzima, hata kama wanapungua wakati wa kiangazi. Kinachokosekana si kipepeo, na mara nyingi si kamera pia. Kinachokosekana ni kumjua mdudu huyo, kuvumilia, na kukubali kwamba picha mia za kwanza zitakuwa mbaya.

Ukungu kwenye picha unatoka wapi

Mtu akipiga picha ya ziwa Kivu kutoka juu ya kilima, kila kitu kinatoka safi: maji, mitumbwi, vilima vya ng'ambo. Akisogeza lenzi karibu na mdudu, hesabu inabadilika. Kadiri lenzi inavyokaribia kitu, ndivyo sehemu inayoonekana safi inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa kamera yenye lenzi ya makro, kipepeo akijaa kwenye picha nzima, unene wa sehemu hiyo unaweza kuwa milimita chache tu. Jicho likiwa safi, ncha ya bawa inapotea. Bawa likiwa safi, jicho linapotea. Anayeanza hajui hilo, anadhani chombo chake kimeharibika.

Dawa yake haihitaji pesa. Kipepeo akifunga mabawa juu ya mgongo, mabawa hayo yanakuwa kama ukurasa mmoja wa daftari. Simu inapaswa kuwa sambamba na ukurasa huo. Kipepeo akifungua mabawa, simu inapaswa kuwa juu yake, kama macho ya mtu anayesoma barua iliyo mezani. Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kupiga picha kutoka pale aliposimama, kwa pembe inayomfaa yeye, wakati kipepeo ameelekea upande mwingine.

Kosa la pili ni kukaribia mno. Lenzi kuu ya simu nyingi haiwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 7 hadi 10 hivi. Kijana anaisukuma simu mpaka karibu imguse kipepeo, kisha anashangaa kuona ua la nyuma limetoka safi na kipepeo amefunikwa na ukungu. Kurudi nyuma kidogo, kupiga picha safi, kisha kukata pembeni baadaye, kunaleta matokeo mazuri zaidi.

Kosa la tatu ni kuvuta picha kwa vidole viwili juu ya kioo. Katika simu nyingi za bei ndogo, kuvuta huko hakumleti kipepeo karibu hata kidogo. Simu inachukua sehemu ndogo ya picha ile ile na kuikuza, kama mtu anayenyoosha kipande cha kitambaa mpaka nyuzi zionekane.

Kosa la nne ni mtikisiko. Chini ya kivuli, kamera inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na katika muda huo mkono unatikisika, jani linapepea, kipepeo anageuka. Ndiyo maana mwanga wa asubuhi unafaa kuliko kivuli cha migomba. Viwiko vikiwekwa juu ya magoti au vikibanwa mbavuni, pumzi ikizuiliwa kidogo, na simu ikiachwa ipige picha nyingi kwa mfululizo, kati ya picha ishirini moja inaweza kuokoka. Anayeanza anahesabu kumi na tisa zilizoharibika na kukata tamaa. Mtu mwenye ujuzi anafuta kumi na tisa bila huzuni na kubaki na moja.

Kuhusu vyombo, ni kweli kwamba lenzi ya makro inayouzwa kwa ajili ya kamera kubwa inagharimu mamia ya dola, na familia nyingi haziwezi kufikiria matumizi kama hayo. Lakini kuna njia za katikati. Kuna lenzi ndogo za kubana juu ya simu. Kuna wanaotoa kilenzi kutoka ndani ya mashine ya DVD iliyokufa na kukibandika mbele ya kamera ya simu. Mwenye kamera ya zamani yenye lenzi ya milimita 50 anaweza kuigeuza, mbele ikawa nyuma, na ikawa lenzi ya karibu. Vyote hivi vinahitaji kusogea sentimita chache tu kutoka kwa kipepeo, na hapo ndipo fundi wa simu hawezi tena kumsaidia mtu. Hapo ni lazima kumjua kipepeo mwenyewe.

Kipepeo kwanza, kamera baadaye

Kipepeo hana joto la ndani kama la mtu. Ili mabawa yake yafanye kazi, mwili wake unahitaji kupashwa na jua. Bukavu na Goma ziko kwenye urefu wa mita karibu 1.500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huko ni baridi. Saa kumi na mbili na nusu, au saa moja, kipepeo aliyelala kwenye majani bado hana nguvu ya kukimbia. Baadaye anafungua mabawa na kuyaelekeza kwenye jua, anatulia hivyo kwa muda akijipasha. Hizo ndizo dakika za dhahabu kwa anayeanza. Anayetoka saa sita za mchana, jua likiwa kali, atakimbizana na vipepeo mpaka achoke.

Jambo lingine ni kivuli. Kipepeo anaona vizuri vitu vinavyosogea, na kivuli cha mtu kikimpitia ghafla, anaondoka. Anayejua anachuchumaa mbali, anasogea polepole bila kuinua mikono, na jua analiweka upande ambao kivuli chake hakimfikii mdudu. Kipepeo akiruka, hamfuati mbio. Anangoja, maana vipepeo wengi wanarudi kwenye ua lile lile au jiwe lile lile.

Kuchagua kipepeo ni muhimu pia. Wengi wanaanza na yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayeonekana sana kwenye miti ya machungwa na ndimu. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Ni mzuri sana, lakini ni mtihani mgumu kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza, kwa sababu hata anapokunywa kwenye ua, mabawa yake hayatulii. Afadhali kuanza na yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus. Huyu anaruka polepole, kama mtu asiye na deni. Sababu ipo: kiwavi wake anakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo inabaki mwilini mpaka anapokuwa kipepeo. Ndege aliyemwonja mara moja hatamani kumwonja tena. Asiyeogopa ndege hana haraka, na asiye na haraka anapigika picha.

Na kama huyo pia ni mgumu, mti wa ndimu una zawadi nyingine. Viwavi wa Papilio demodocus wanakula majani yake. Wakiwa wadogo, wana rangi ya kahawia na nyeupe, mtu anaweza kudhani ni mavi ya ndege juu ya jani. Wakikua wanakuwa kijani. Ukimgusa mmoja, anatoa nyuma ya kichwa kitu kama pembe mbili za rangi ya machungwa, chenye harufu kali ya kufukuza adui. Kiwavi haruki. Anangoja. Anayeanza anaweza kumpiga picha kila siku, kutoka yai hadi buu lililoning'inia, mpaka kipepeo anapotoka na kukausha mabawa. Ni masomo ya wiki kadhaa, bila kununua chochote, bila kutoka ndani ya lupango.

Kuna na matope. Baada ya mvua, vipepeo dume hukusanyika kwenye udongo uliolowa, hasa mahali palipo na mkojo wa mifugo, wakinyonya chumvi. Wakiwa kwenye karamu hiyo, wanasahau hatari. Vilevile ndizi iliyoiva mno ikiwekwa juu ya jiwe karibu na miti, inaweza kuwaita Charaxes, vipepeo wenye nguvu wanaopenda matunda yaliyooza kuliko maua. Hakuna mtego hapo wala wavu. Anakula, anapigwa picha, anaondoka.

Picha safi ni ushahidi

Wapo wanaofikiri kwamba picha safi inatafutwa kwa ajili ya uzuri tu, ili watu waipende kwenye mitandao. Hilo ni nusu ya jambo. Katika kazi hii, usafi wa picha ni ushahidi.

Mfano ni yule yule Danaus chrysippus. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limevaa nguo zile zile: machungwa, ncha nyeusi, madoa meupe. Hana sumu, lakini anaiga mwenye sumu ili ndege wamwogope. Dume lake halifanani naye hata kidogo, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Mtu anayepiga picha za ukungu ataandika kwamba ameona aina mbili, na atakosea. Aliye na picha safi ataangalia bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwenzake ana moja. Doa moja au matatu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kujua na kubahatisha.

Mfano wa pili unawashangaza karibu wote wanaoanza. Wanakuza picha yao ya kwanza nzuri, wanahesabu miguu, wanapata minne. Shuleni walifundishwa kwamba mdudu ana miguu sita. Wanadhani kipepeo huyo alikatwa miguu, au mwalimu alidanganya. Yote mawili si kweli. Katika jamii kubwa ya vipepeo inayoitwa Nymphalidae, ambayo Danaus ni mmoja wao, miguu miwili ya mbele ni mifupi sana na imekunjwa kifuani, haitumiki kutembea. Ipo, lakini inaonekana kwa yule tu aliyekaribia na kutazama vizuri. Mwanafunzi aliyeligundua hilo kwa macho yake mwenyewe hatalisahau hata baada ya mtihani wa Serikali.

Mfano wa tatu unagusa tumbo. Kipepeo mdogo anayeitwa Acraea acerata anataga mayai kwenye majani ya viazi vitamu. Viwavi wake wakitoka wanakaa pamoja katika utando, kisha wanatawanyika na kula majani mpaka shamba linabaki vijiti. Anajulikana kama adui wa viazi vitamu katika Afrika ya kati na ya mashariki. Mkulima akiona vipepeo wadogo wa rangi hiyo wakizunguka juu ya shamba, anaona mapambo. Akionyeshwa picha ya yai, ya kiwavi na ya kipepeo, zote tatu pamoja, anaweza kuanza kupekua majani mapema na kuondoa yenye utando kabla viwavi hawajatawanyika. Picha hizo tatu hazihitaji mtaalamu kutoka mbali. Zinahitaji kijana mwenye simu na subira.

Kuna pia jambo la hifadhi ya kumbukumbu. Wadudu wengi wa Congo waliokusanywa wakati wa ukoloni wako Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, ambako mamilioni ya wadudu wamechomwa pini na kupangwa ndani ya masanduku. Upande wa Kivu ya Kusini, kituo cha utafiti cha Lwiro, katika eneo la Kabare, kilichoanzishwa mwaka 1947, kinatunza mikusanyo yake pia. Hiyo ni mali ya elimu na inastahili heshima. Lakini kipepeo aliyechomwa pini zamani hawezi kusema kama bado yupo leo. Picha yenye tarehe na mahali inaweza kusema.

Katika milima ya mashariki mwa Congo na nchi jirani za Rwanda, Burundi na Uganda, wanaishi vipepeo ambao hawapatikani kwingine duniani, kama Papilio leucotaenia wa misitu ya milimani. Msitu ukikatwa kwa ajili ya makala, wanaondoka bila kelele. Gorila akifa, redio zinatangaza. Kipepeo akipotea, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba alikuwepo. Leo kuna programu za simu kama iNaturalist, ambako mtu yeyote anaweza kuweka picha na watu wenye ujuzi wakamsaidia kupata jina. Inahitaji mega kidogo tu za intaneti.

"Watu wanakimbia vita, na wewe unafuata vipepeo?"

Swali hili linaulizwa, na halistahili kudharauliwa. Katika Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, kuna familia zilizolala chini ya mahema, kuna shule zilizofungwa, kuna mashamba yasiyofikika. Anayesema kwamba picha za vipepeo zitaleta amani anadanganya. Anayesema kwamba zitamtajirisha kijana wa Kadutu au wa Birere anadanganya pia. Soko la picha za wadudu ni dogo, na wanaoishi kwa kazi hiyo ni wachache hata katika nchi tajiri.

Lakini swali hilo linasahau kitu. Mtu hangoji vita viishe ndipo afundishe watoto kusoma. Hangoji vita viishe ndipo apande maharagwe. Kinachofundishwa kwa kupiga picha za karibu, yaani kutulia, kutazama, kuandika tarehe na kukubali kosa kisha kurudia, ni elimu ile ile inayohitajika katika maabara, katika zahanati na katika karakana. Na kwa upande wa riziki, kijana aliyejua kusoma mwanga juu ya bawa la kipepeo hatashindwa na mwanga wa harusi. Atapiga picha za pete ya bibi arusi, za kitenge, za bidhaa za mama anayeuza kwa simu, na hizo zinalipwa.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mtu wa mbali akitafuta picha za Kivu anaona bunduki, mahema na watoto wanaolia. Picha hizo ni za kweli, na waandishi wa habari wanahatarisha maisha kuzileta. Ila si ukweli wote. Mtoto aliyezaliwa hapa anakua akiona nchi yake kama mahali pa kukimbia tu. Akipiga picha ya kipepeo aliyetua kwenye ukuta wa nyumba yao, akajua jina lake, akajua anakula nini, anaanza kuona kwamba anaishi mahali penye kitu cha kutunzwa. Watu hawatetei wasichokijua. Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na Kahuzi-Biega mwaka 1970, na bado wakaaji wengi wa karibu wanaziona kama mali ya wengine. Mapenzi ya msitu hayaanzi kwa amri ya walinzi. Yanaweza kuanza kwa kiwavi juu ya mti wa ndimu.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba hilo linawezekana. Kwenye pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi unaoitwa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima wanalea viwavi na kuuza mabuu yanayosafirishwa kwenda katika nyumba za maonyesho za nje ya nchi. Wakulima walioona msitu kama kizuizi cha mashamba wakapata sababu ya kuutaka ubaki. Hali ya Kivu si ile ya pwani ya Kenya, kwa barabara na kwa usalama. Lakini hesabu ni ile ile: mtu anatunza kile anachokijua na kinachomrudishia kitu.

Mipaka ambayo haifai kuvukwa

Hamu ya picha nzuri ina majaribu yake. La kwanza ni friji. Kuna wapiga picha, hata wenye majina makubwa duniani, wanaomweka mdudu kwenye baridi ili alegee, kisha wanampanga juu ya ua na kumpiga picha kana kwamba alitua mwenyewe. Picha inatoka safi sana, lakini ni uongo, na mara nyingine mdudu hapati nafuu. Anayeanza asijifunze kwa njia hiyo. Picha ya ukungu ya kipepeo aliye huru ina thamani kuliko picha safi ya kipepeo aliyegandishwa.

La pili ni kumshika kwa vidole. Unga unaobaki mkononi si vumbi. Ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae vya paa, na ndiyo yanayotoa rangi. Yakitoka hayaoti tena. Kila mkono wa mtoto unaomshika kipepeo unamvua nguo ambayo hatapewa nyingine.

La tatu linahusu usalama wa mpiga picha mwenyewe. Katika mashariki mwa Congo, kunyoosha kamera si jambo dogo. Karibu na kambi, kizuizi cha barabarani, daraja au uwanja wa ndege, hakuna kipepeo anayestahili hatari hiyo, hata kama angekuwa Papilio antimachus, mkubwa kuliko wote wa Afrika, ambaye mabawa yake yakifunguliwa yanaweza kuzidi sentimita 20. Askari hataangalia picha na kusema ni ya mdudu. Ataona kamera. Anayetaka kuingia katika shamba la mtu aombe kwanza, na akienda mtaa mwingine, shefu wa avenii ajue. Simu nyingi pia zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kabla ya kuiweka hadharani, ni vizuri kuzima alama hiyo au kuficha mahali kamili, kwa usalama wa familia na kwa usalama wa kipepeo asiyepatikana kwingi.

Kwa sababu hizo zote, wanaosema kwamba anayeanza lazima aende msituni wanampotosha. Msitu una mambo mengi, lakini kwa sasa njia nyingi za kwenda huko zina mashaka. Mti wa ndimu, mmarakuja uliopanda juu ya ukuta, bustani ya viazi vitamu na maua ya pembeni ya njia vinatosha kwa mwaka wa kwanza, na hata wa pili.

Kila mmoja ana sehemu yake

Walimu wa biolojia wangeweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Badala ya wanafunzi kunakili ubaoni hatua nne za maisha ya kipepeo, darasa lingepewa mti mmoja katika uwanja wa shule na simu moja, ya mwalimu au ya mzazi. Kila siku kundi moja lingepiga picha na kuandika tarehe. Baada ya wiki chache shule ingekuwa na kitabu chake yenyewe, chenye picha za wadudu wake yenyewe, kuliko vitabu vinavyoonyesha vipepeo wa Ulaya ambao mtoto wa Uvira au wa Butembo hatawaona kamwe.

Watafiti wa Lwiro na wa vyuo vikuu wangefanya vizuri kufungua milango kwa vijana hawa, kuwasaidia na majina, kuwaambia ni mdudu gani wa kufuatiliwa. Mtaalamu mmoja hawezi kuwa kwenye kila kilima. Vijana mia wenye simu wanaweza. Lugha nayo inangoja kazi. Kwa Kiswahili, karibu wote wanaitwa kipepeo tu, na wa usiku nondo. Wazee wa vijijini huenda wana majina mengine katika lugha zao, na hayo yaandikwe pamoja na picha kabla hayajapotea pamoja na wenyewe.

Wazazi wanaombwa jambo dogo zaidi: wasimcheke mtoto aliyechuchumaa chini ya mti akiwa na simu ya nyumbani. Wamwambie arudishe simu kabla chaji haijaisha, maana umeme hauna uhakika, lakini wasimcheke.

Na anayeanza mwenyewe asifute picha yake ya kwanza, ile ya doa la machungwa lisilo na kichwa. Aiweke. Baada ya miezi sita aifungue tena na kuilinganisha na ya siku hiyo. Katika ya kwanza hakuna kitu. Katika ya mwisho kutakuwa na madoa meusi ya kuhesabika, miguu minne inayoonekana na miwili iliyofichwa, na jina. Kipepeo ni yule yule aliyekuwa akipita juu ya ukuta kila asubuhi. Safari hii kuna aliyemwona.